Mtu wa Kukaa kwenye Kreti

Kwa kina Lahtela hakuna mtu anayeingia chini ya gari peke yake. Nilipoolewa katika nyumba ile nilidhani ni utani. Mume wangu Taisto akitaka kubadilisha oili tu, lazima mtu atoke ndani, akalie kreti ya maziwa karibu na gurudumu, na kila baada ya muda aulize, "Upo?" Aliye chini anajibu, "Nipo." Kazi yako ni hiyo tu. Hushiki spana, hutoi ushauri. Unakaa, unaongea lolote linalokujia kichwani, unauliza, unajibiwa. Akinyamaza, unainuka.

Amri hiyo ni ya mama mkwe wangu, Hilja. Mumewe, mzee Urho, alifia chini ya gari lake uani kwao, yeye Hilja akiwa jikoni anakanda unga huku redio inaimba. Mzee alikuwa ameliinua kwa jeki peke yake, bila kuweka stendi ya chuma ya kulishikilia, na jeki ikateleza. Hilja hakusikia kitu. Alitoka kumwita aje anywe kahawa, akaona buti zake zimejitokeza, akaanza kumsemesha. Alimlaumu kwa kuchelewa, akamwambia mkate unapoa, akamwuliza amenuna nini. Alimsemesha muda mrefu kabla ya kuelewa. Hilo ndilo lililomkaa rohoni kuliko kifo chenyewe. Aliniambia siku moja tukiwa wawili ndani ya sauna, jasho linatutiririka, na hajalirudia tena.

Taisto alikuwa mvulana wakati ule. Akakua mtu wa tahadhari mpaka watu wakamchoka. Alikuwa na stendi nne za chuma, kabari za kuzuia magurudumu alizochonga mwenyewe, na mbao nene za mwaloni za kutandika chini ya stendi. Akishainua gari, analisukuma kwa bega kama mtu anayevunja mlango, aone kama litatikisika. Magurudumu akiyafungua, anayalaza chini ya chesisi, ili gari likianguka lianguke juu ya magurudumu na si juu yake. Jirani yetu Orrin alizoea kupita na kumpigia kelele kutoka barabarani, "Taisto, mchungaji ameshakuja kukuombea, au unasubiri na kwaya?" Nayasema haya mapema kwa sababu nimeshasikia wengi wakisema mume wangu alikuwa mzembe, na wote nimewajibu, na nitakayekutana naye kesho nitamjibu pia.

Taisto alikuwa dereva wa lori la magogo. Kwetu huku, kaskazini ya Michigan, barabara zikianza kuyeyuka baada ya majira ya baridi zinalainika kwa chini, na wilaya inaweka vibao vya kukataza mizigo mizito mpaka zikauke. Vibao vikishawekwa, wenye malori wanakaa nyumbani wakiwanunia wake zao. Mwaka ule viliwekwa mapema, msituni theluji bado inafika magotini. Taisto alivichukulia kama tusi alilotukanwa yeye binafsi.

"Wamekaa ofisini na kipimajoto chao," alisema asubuhi ile akiwa bado na kikombe mkononi. "Ardhi iko kama saruji. Mtu mmoja tu aje hapa anionyeshe pameyeyuka wapi."

"Mimi nakuamini," nikasema. "Sasa toka uende ukawaambie wao, mimi nifagie."

"Wewe unanifukuza nyumbani kwangu."

"Nakufukuza jikoni. Nyumbani kaa."

Hilja alicheka pale alipokuwa anapima unga. Alikuwa amehamia kwetu mwaka mmoja nyuma, macho yalipoanza kumsumbua, na alipenda kutusikia tukichokozana.

Kazi ya siku ile ilikuwa breki. Jumapili tukirudi kutoka kanisani, Taisto alikanyaga breki za pikapu na pedali ikaenda mpaka chini. Chumvi ndiyo iliyofanya. Wanaimwaga barabarani majira yote ya baridi na inakula chuma pole pole mpaka paipu za breki zinakuwa kama karatasi. Alilifikisha gari nyumbani kwa gia na breki ya mkono, Hilja ameshika dashibodi kwa mikono miwili. Kwa kuwa lori lilikuwa limelala, Taisto akasema atabadilisha paipu ya nyuma yote, na vile visukumio vya breki vilivyo ndani ya magurudumu.

Nilitoka na chupa ya kahawa na kreti yangu. Baridi ilikuwa ya kung'ata masikio, uani kote pameganda, barafu na kokoto. Tulikuwa tumemwaga majivu ya jiko la sauna majira yote ya baridi ili tusiteleze, kwa hiyo ua mzima ulikuwa mweusi.

Mbao za mwaloni zilikuwa zimelala kando ya kibanda cha vifaa, zimegandana na ardhi. Taisto alizipiga teke. Akazipiga kwa kisigino cha shoka. Hazikusogea hata kidogo.

"Nilete maji ya moto?" nikauliza.

"Ulete maji ya moto, yageuke barafu, Mama ateleze avunjike kiuno. Wazo zuri sana hilo, bibie."

"Basi subiri kesho."

Hakusubiri. Alichukua sululu, akasimama katikati ya ua, akaipiga ardhi kwa nguvu zake zote. Sululu ililia kama imegonga reli, ikaruka nyuma. Pale ilipopiga palibaki alama ndogo nyeupe, basi.

"Umesikia?" akaniambia. "Ndiyo ardhi wanayosema inazama chini ya lori. Waje wasikie."

Akaziweka stendi juu ya ardhi tupu. Nilimwona uso wake, umetulia, uso wa mtu aliyeshinda ubishi na watu ambao hawapo. Na mimi sikumpinga, kwa sababu sikuona la kupinga. Nusu ya mwaka tunaishi juu ya barafu. Tunaegesha magari juu ya ziwa, tunaburuta vibanda vya kuvulia samaki mpaka katikati na kuwasha majiko ndani yake. Mgeni aliyezaliwa nchi ya joto angeiogopa ardhi ile na kung'ang'ania mbao. Mtu wa kwetu haiogopi.

Mengine yote aliyafanya kama siku zote. Alitia gia, akaweka kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, akalegeza nati za magurudumu ya nyuma kabla ya kuinua, akainua kwa jeki, akashusha chesisi taratibu juu ya stendi mbili. Akalisukuma kwa bega. Halikutikisika. Akafungua magurudumu, akayalaza chini, moja kila upande. Jeki akaivuta pembeni kwa sababu paipu ilipita juu ya ekseli pale pale. Kisha akalala chali juu ya kipande cha zulia kuukuu, akajiingiza chini.

"Upo?" nikasema, nikikaa kwenye kreti.

"Nipo. Niende wapi na mimi?"

Tuliongea sana asubuhi ile. Namshukuru Mungu kwa hilo, ingawa kwa mengine bado sijamshukuru. Tuliongea juu ya kibanda cha Orrin, ambacho alikuwa bado hajakitoa ziwani wakati wenzake wote wameshatoa vyao.

"Ni mvivu tu," nikasema.

"Si mvivu. Mkewe hajui kuwa ndiko anakoficha pombe. Akikileta nyumbani itabidi akisafishe."

"Kwa hiyo atakiacha kizame?"

"Kikizama, ushahidi umezama."

Nilicheka mpaka kahawa ikanimwagikia gotini. Alikuwa anaongea na spana mdomoni, nilijua kwa sauti yake. Nilimsikia akikata paipu ya zamani, nikasikia vipande vyake vikianguka, kutu tupu. Nikamwuliza kama yupo, akasema yupo, na jicho lake moja limejaa kutu ila lingine linaona vizuri na linaona kuwa mke wake amevaa soksi zake.

Jua lilikuwa nyuma ya nyumba. Kivuli cha paa kilikuwa kimefunika ua wote tulipoanza, kisha kikaanza kurudi taratibu, kikauacha wazi upande wa kushoto wa pikapu. Lilikuwa jua la kwanza lenye nguvu mwaka ule. Nililitolea uso na kufumba macho. Nilifungua koti. Jua lile lile nililokuwa nalifurahia lilikuwa linaipiga ardhi nyeusi ya majivu, na majivu yanakunywa joto kuliko kitu chochote. Hilo kila mtu wa huku analijua pia. Ndiyo maana tunamwaga majivu juu ya barafu ya ngazi.

Karibu na adhuhuri aliniambia, "Hili gurudumu la kushoto linanizuia. Siwezi kuingiza mkono kwenye nati ya mwisho."

"Liache hapo. Ingia kwa upande mwingine."

"Upande mwingine hakuna nati, bibie."

Akalisukuma gurudumu kwa miguu mpaka likatoka, nikalisikia likianguka kwenye kokoto. Sikupenda. Nilimwambia sikupenda.

"Dakika mbili. Halafu nakuja kula."

Harufu ya mkate wa iliki ilikuwa imeshafika uani. Hilja alikuwa jikoni, dirisha wazi kidogo, redio haikuwashwa. Tangu siku ya mzee Urho hajawahi kuwasha redio wakati mtu yuko chini ya gari.

Niliiweka chupa ya kahawa chini, ikaegemea upande. Nikaisimamisha, ikaegemea tena. Ndipo nilipohisi na kreti yenyewe imeinama, kona moja iko chini kuliko nyingine. Nikainuka. Kona zile zilikuwa zimeacha mashimo manne kwenye ardhi, na kila shimo lilikuwa linang'aa kwa maji.

Niligeuka kuangalia stendi ya kushoto. Miguu yake miwili ilikuwa imezama kiasi cha kidole kwenye tope jeusi. Miwili mingine ilikuwa bado juu ya ardhi ngumu. Stendi nzima ilikuwa imepinda.

"Taisto, toka."

"Namalizia nati."

"Toka sasa hivi. Stendi inazama. Ardhi imelegea."

Najua aliangalia, kwa sababu sauti iliyorudi haikuwa ya mzaha. "Nimeona," akasema. "Nakuja."

Nikasikia spana ikigonga chuma mara moja. Kisha kisigino cha buti yake kikachimba ardhi ili ajisukume, na pikapu ikashuka. Haikupiga kelele kubwa. Stendi ilirushwa pembeni, upande wa kulia ukabaki umekalia stendi yake, na upande wa kushoto, ekseli na ngoma ya breki, lile duara zito la chuma linalobeba gurudumu, ukamlalia kifuani.

Nilipiga magoti topeni. Uso wake ulikuwa umegeukia kwangu, mwekundu, macho wazi.

"Upo?" nikasema. Sikuwa na neno lingine.

"Nipo," akasema, kwa pumzi ndogo sana.

Mlango wa jikoni uligonga ukuta. Safari hii Hilja alisikia. Nilimwona mlangoni na mikono yenye unga, akatazama mara moja tu, akarudi ndani. Nilidhani amekimbia asione. Kumbe amekwenda kupiga simu ya kuita gari la wagonjwa. Mimi hata wazo hilo sikuwa nalo. Nilikuwa nimeshaikamata jeki na kuiingiza chini ya ekseli, napampu kwa nguvu zangu zote, na pikapu haikupanda. Jeki ndiyo iliyokuwa inashuka. Kila nikisukuma mpini, magurudumu yake madogo yanazidi kuzama topeni.

Mbao, nikawaza. Nikakimbia kibandani na shoka, nimejiandaa kuzichimbua, kuzikata, kuzing'oa kwa meno ikibidi. Niliushika ubao wa kwanza kwa mkono mmoja. Ukatoka kama mkate kwenye sufuria iliyopakwa siagi. Chini yake maji yalikuwa yanatiririka. Ubao ule ule alioupiga teke asubuhi. Nilitoa sauti ambayo sijui niiite nini, nikauburuta.

Niliporudi Hilja alikuwa amekaa kwenye kreti. Amevaa ndala za ndani, hana koti. Ameinama, mkono wake umemshika Taisto kiganja, na anaongea naye kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya jikoni.

"Nimetia iliki nyingi leo. Zabibu sijatia, najua huzipendi, mkeo ndiye anayezipenda, yeye nitampikia wake. Upo, mwanangu?"

"Nipo, Mama."

Nililaza ubao, nikaweka jeki juu yake, nikapampu. Safari hii ekseli ilitikisika. Ubao ukaanza kuegemea, maana ulikuwa mmoja na tope chini yake lilikuwa jingi. Nikashusha, nikakimbilia ubao wa pili.

"Unakumbuka yule mbwa wa baba yako," Hilja alikuwa anasema, "aliyekula siagi yote ya Krismasi. Baba yako akasema tumchinje tumpake kwenye mkate. Ukalia wewe. Ulilia siku nzima. Upo?"

Sikusikia jibu. Nilidhani naona midomo ya Taisto ikicheza.

"Eh, upo," akasema Hilja. "Basi yule mbwa..."

Nikaleta na wa tatu, nikapanga mbao mbili sambamba na huo juu yake, nikaweka jeki, nikapampu. Ikapanda. Kidogo, ikapanda tena. Nilikuwa nalia na kutukana, nawatukana wilaya na vibao vyao, natukana jua, namtukana na yeye Taisto, na Hilja anaendelea na habari za mbwa, mbwa alivyotapika kwenye zulia la mchungaji, mchungaji alivyojifanya hajaona. Hakunyamaza hata mara moja. Ngoma ilipoachana na kifua nilisukuma ubao mwingine na lile gurudumu chini ya chesisi, ili gari lisinilalie na mimi, kisha nikamshika kwenye makwapa, Hilja akashika mkanda wake, tukamvuta mpaka kwenye theluji iliyobaki ukutani.

Watu wa gari la wagonjwa walikuja wakiteleza mpaka mlangoni. Walifanya wanachofanya. Wakafanya tena. Kisha mmoja wao, mwanamke mwenye umri wangu, akavua glovu na kukaa juu ya visigino vyake, nikaelewa.

Jioni, watu walipoondoka, Hilja alikuwa amekaa mezani na mkate ule haujakatwa. Nilimwuliza alijua wakati gani kwamba Taisto ameshakufa.

"Ulipokwenda kuleta ubao wa pili," akasema. "Mkono wake ukalegea."

"Lakini uliniambia yupo. Ukaendelea kuongea naye."

"Sikuwa naongea naye." Aliutazama mkono wake mwenyewe. "Nilikuwa naongea na wewe. Ungesikia nimenyamaza, ungeacha kupampu. Na mimi sikutaka alale chini ya lile gari kama baba yake."

Nilikaa chini sakafuni, pale pale nilipokuwa nimesimama, nikaweka kichwa kwenye mapaja yake. Alinuka unga na iliki na mafuta ya breki.

Siku tuliyokwenda kwa msimamizi wa mazishi, bwana Wickstrom alitupokea vizuri, akatupa viti, akatunyooshea bakuli la peremende kama tumekuja kuchukua picha. Alieleza mambo ya sanduku na maua. Kisha akakunja mikono.

"Mazishi yenyewe itabidi tusubiri, bibi Lahtela. Kule makaburini bado hapachimbiki. Ni upande wa misonobari, jua halifiki. Ardhi ni jiwe. Tutamhifadhi hapa mpaka mwezi wa tano."

Nilicheka. Si kicheko cha kujizuia, nilicheka kwa sauti, mbele ya yule bwana wa watu na suti yake nyeusi, nikashindwa kuacha. Ardhi ni jiwe. Ningependa Taisto angesikia, angesema, si nilisema? Hilja alinishika kifundo cha mkono na kukibana mpaka kikaniuma, akamwambia bwana Wickstrom kwamba tumeelewa.

Kanisani, baada ya ibada ya kumkumbuka Taisto, tukinywa kahawa kwenye ukumbi wa chini, mwanamume mmoja mwenye shingo nene alikuwa anawaeleza wenzake huku anatafuna. "Angetandika mbao tu. Kitu kidogo. Uzembe."

Nikamwendea na sahani yangu mkononi. "Jumamosi gari lako lilikuwa wapi?"

"Lipi?"

"Hilo hilo moja ulilo nalo. Lilikuwa wapi?"

Akaona aibu. Kila mtu alijua lilikuwa wapi. Lilikuwa ziwani, karibu na kibanda cha Orrin, na yeye ndani anavua. "Barafu ya kule bado nzito," akasema.

"Ndivyo alivyosema mume wangu," nikamjibu, nikaenda kukaa na Hilja.

Kibanda cha Orrin kilizama wiki iliyofuata. Hakuna aliyecheka. Orrin alikuja kwetu, akasimama mlangoni na kofia mkononi, akasema atatuvutia ile pikapu kwa trekta aiondoe machoni petu, na siku ya mazishi atatupeleka kwa gari lake.

"Mimi sipandi gari la mtu kwenda kumzika mwanangu," Hilja akasema kutoka jikoni.

"Mama, pikapu haina breki," nikamwambia.

"Basi itiwe."

Orrin akanitazama. Mimi nikamtazama Orrin. Akasema anaweza kuja yeye Jumamosi kuimalizia, nikamwambia ahsante, hapana. Nilikuwa nimekaa kwenye kreti ile miaka yote ya ndoa yangu. Kazi ya Taisto niliijua kwa masikio kama mtu anavyoujua wimbo wa kanisani.

Nilingoja ua ukauke. Mwezi wa tano ulipoanza na nyasi kutokeza, nilianza upya kabisa, kwa kuwa sikutaka kuamini kitu chochote kilichopangwa siku ile. Kabari. Gia. Nilitandika mbao zote, mbili mbili, upande wa kushoto na wa kulia, nikarukaruka juu yake kwa miguu miwili mpaka Hilja akaniuliza kama nacheza. Stendi juu ya mbao. Nikalisukuma gari kwa bega, nikalisukuma tena, nikalisukuma mpaka bega likavilia damu. Magurudumu mawili chini ya chesisi, na nikajiapia kwamba lolote lisilofikika bila kuyaondoa litabaki halifikiki. Hilja akaileta kreti mwenyewe, akaiweka juu ya kipande cha ubao, akakaa na kuvuta shali.

Nililala chali. Ekseli ilikuwa juu yangu, karibu sana, na ilikuwa na harufu ya chumvi na mafuta.

"Upo?" akasema Hilja.

"Nipo, Mama."

"Leo kuna upepo," akasema. "Nimeanika mashuka."

Visukumio vya ndani ya magurudumu alikuwa ameshaviweka vyote viwili, vinang'aa. Paipu mpya ilikuwa imefungwa kwa vibanio kuanzia mbele mpaka nyuma, imenyooka, imekunjwa vizuri kwenye kona. Niliifuata kwa kidole mpaka kwenye ile nati ya mwisho ya upande wa kushoto, ile iliyomzuia, ile aliyoondoa gurudumu kwa ajili yake. Niliijua kabla sijaiona. Nilipitisha mkono kwa nyuma ya gurudumu, nikajikwaruza mpaka kwenye kiwiko, ikafikika. Ilifikika kwa shida lakini ilifikika. Nikaivalisha spana ili niimalizie yeye alipoishia.

Haikuzunguka. Niliivuta kwa nguvu, kisha kwa nguvu zaidi. Ilikuwa imekazwa kabisa. Alikuwa ameshaimaliza. Ile spana niliyoisikia ikigonga mara moja baada ya kusema nakuja, alikuwa anahakikisha tu, kama alivyohakikisha kila kitu maisha yake yote.

Niliacha mkono wangu pale juu ya nati. Nilisikia mashuka yakipigwa na upepo. Nilimsikia Hilja akisema jambo juu ya vibanio vya nguo, kisha akaniuliza kama nipo, na sauti haikunitoka.

"Marlys," akasema. "Upo?"

Nikasikia kreti ikisogea juu ya ubao, na miguu yake mizee ikigusa kokoto.

"Nipo," nikasema. "Nipo, Mama. Kaa."